MOTOKAA KUUKUU NA KUTU YAKE
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Kegonga



Tumeombwa tuseme habari za kutu, kwa sababu wengi wetu sasa twanunua motokaa, na motokaa hizo si mpya. Pesa zenyewe ni za akiba na za mkopo wa ushirika. Mtu hukatwa mshahara miezi 36 akilipa. Gari likiliwa na kutu kabla ya deni kwisha, mtu huyo atakuwa akilipia chuma chakavu. Hilo ni jambo la mfuko. Liko jingine, la roho za watu, nasi tutaanza na hilo.

Wengi wenu mwajua kwamba tulikuwa watu sita tulionunua Probox moja kwa shirika, ibebe wachuuzi na mizigo yao siku za soko baina ya hapa na Kehancha. Ilikuwa imekwisha tembea miaka 15. Machoni ilikuwa safi. Chini ilikuwa imepakwa lami nyeusi inayong'aa, nasi tukafurahi, tukasema aliyekuwa nayo ni mtu mwangalifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyelala chini akaichokoa. Masika yalipoingia, siku moja dereva wetu alikuwa akiteremka na watu na magunia, akakanyaga breki, pedali ikazama. Paipu ya breki ilikuwa imepasuka pale inapobanwa na kishikizo chake. Motokaa za siku hizi zina njia mbili za mafuta ya breki, kwa hiyo nusu ya nguvu ilibaki. Dereva akashusha gia, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo. Mama mmoja alivunjika mkono. Wengine walitoka na michubuko.

Sasa sikilizeni aibu yetu. Jioni ile tulikaa sisi wenye gari, na neno la kwanza tulilosema ni kwamba dereva alikuwa akienda mbio, na gharama zote zikatwe katika malipo yake. Sisi, watu wa chama! Akaja fundi na kile kipande cha paipu mkononi, akakivunja kwa vidole mbele yetu kama kijiti kikavu. Tukanyamaza. Tena tukakumbuka kwamba wiki mbili nyuma dereva alitwambia mafuta ya breki yanapungua, nasi tukamjibu, "Ongeza."

Basi tangu siku ile tumejifunza, na tuliyojifunza ndiyo haya.

Chuma hakiliwi na maji peke yake, wala na hewa peke yake. Lazima viwili hivyo vikutane juu yake. Chumvi ikiingia kati, kazi huenda mbio zaidi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na kuliwa kwa chuma ni kazi ya umeme mdogo mdogo usioonekana. Tena kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Ndiyo maana rangi hufura kama lengelenge. Ukiona lengelenge, jua kwamba chini yake kazi ilianza zamani.

Tazameni mabati ya nyumba zetu. Bati lenye zinki hukaa miaka mingi, na hata likikwaruzwa kidogo, zinki ya jirani huliwa kwanza, chuma kikasalimika. Mwingereza Humphry Davy alionyesha jambo la namna hiyo mwaka 1824, alipozuia shaba ya merikebu za kivita isiliwe na maji ya bahari kwa kuishikamanisha na zinki au chuma. Lakini pale misumari ilipopigwa na pale bati lilipokatwa, huko ndiko wekundu huanzia. Na motokaa ni vivyo hivyo: kutu huanzia kwenye maungo, kwenye kingo, na pale jiwe liliporuka likatoboa rangi.

Ulizeni gari limeishi wapi. Kenya hairuhusu kuingizwa motokaa iliyozidi miaka 8, na nyingi hutoka Japani. Lakini Japani si mahali pamoja. Upande wa kaskazini, kama Hokkaido, theluji huanguka sana, nao humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi ile hurukia chini ya gari na kukaa. Kama muuzaji anayo hati ya mnada wa Japani, itazameni ile picha ya gari iliyochorwa: herufi S ni kutu, nao Wajapani huiita sabi, herufi C ni kuliwa kwa chuma kulikozidi hapo. Gari lililokaa Mombasa miaka kumi karibu na bahari nalo lichunguzwe vivyo hivyo.

Wako wanaosema kwamba sisi pia tuna hatari hiyo kwa sababu ya Ziwa. Hapana. Maji ya Ziwa Viktoria ni matamu, hewa yake haina chumvi ya bahari. Chumvi yetu twaipakia wenyewe. Mbolea ya mahindi ni chumvi ndugu zangu, tena huvuta unyevu. Gunia moja likipasuka, punje zikaingia chini ya zulia, zitakula sakafu mwaka mzima bila kelele. Na samaki wa Muhuru na Karungu waliopangwa katika barafu, maji yao yakimwagika yakakauka ndani ya gari, ni hasara hiyo hiyo na harufu juu yake. Anayebeba mbolea au samaki atandike turubai zima, na jioni atoe zulia, aoshe, aache milango wazi mpaka pakauke.

Halafu kuna tope letu jekundu. Watu hudhani tope hukauka na kwisha. Lile lililoshindiliwa ndani ya madigadi hukaa na unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika, kama kitambaa kilicholowa juu ya kidonda. Liondolewe kwa mti na maji. Wala si mtoni: maji yale yana wanywaji chini, na mafuta ya gari si kinywaji.

Sasa kulichunguza gari. Chukueni sumaku, hata ya spika ya redio iliyokufa, muivike kitambaa laini, muipitishe chini ya milango na juu ya madigadi. Pale isiposhika, mara nyingi pana fila iliyoziba tundu. Inueni zulia na gurudumu la akiba mtazame sakafu. Tazameni chini ya betri, maana maji ya betri ni asidi. Hapo huoshwa kwa bikabonati ya soda na maji. Kisha mlale chini na bisibisi. Gongeni vizingiti vya milango: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Motokaa ndogo kama hii haina chesisi yake peke yake kama lori. Bodi ndiyo uti wa mgongo, na kizingiti kilichooza ni mfupa uliovunjika. Hicho hakipakwi rangi. Hukatwa, kikachomelewa chuma kipya, au gari likaachwa kwa mwenyewe.

Kwa kutu ya juu juu, kazi ni ya mikono. Osheni chini kwa maji mengi safi, kisha mngoje siku mbili tatu za jua kali. Sugueni kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Mashimo madogo yasiyofikiwa na msasa hupakwa dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, na mpakaji avae glavu. Kisha redi oksaidi, au bora zaidi rangi yenye zinki, mara mbili. Halafu rangi ya juu. Asiyesugua vizuri anapoteza rangi yake, hata ikiwa ya bei gani.

Sasa ile lami. Si mbaya ikipakwa juu ya chuma safi, kikavu, chenye rangi. Ikipakwa juu ya kutu huwa ni sanda: hupasuka kidogo, maji huingia nyuma yake yasitoke, na macho hayaoni kitu. Ndiyo iliyotudanganya. Tukiona gari kuukuu lenye lami mpya, sisi sasa twashuku kwanza.

Na mafuta machafu ya injini, ambayo mafundi wengi hupenda kuyapulizia chini? Twajua ni ya bure, na kutu huyaogopa kweli. Lakini yana sumu iletayo saratani kwa anayeyashika kila siku, huoza raba za gari, na mvua huyapeleka shambani. Tumieni grisi safi, au ile nta ya kupuliziwa ndani ya vizingiti na milango. Isiguse diski za breki wala raba. Kabla ya kupulizia, zibueni kwa waya vile vitundu vilivyo chini ya milango. Viliwekwa ili maji yatoke, na tope huviziba.

Wachuuzi watawaletea kijisanduku cha umeme cha kufunga kwenye betri, wakisema kinafukuza kutu. Umeme wa namna hiyo hufaa kwa meli iliyo majini au bomba lililo ardhini, kwa kuwa maji au udongo hukamilisha njia yake. Gari limesimama hewani. Wekeni pesa zenu.

Paipu za breki hatuzisugui kwa nguvu wala hatuzipaki lami. Zifutwe, zitazamwe urefu wote, khasa penye vishikizo. Iliyoliwa hubadilishwa, zile za shaba iliyochanganywa na nikeli hazishiki kutu, nasi ndizo tulizofunga zote.

Limebaki neno la dereva. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa aripoti kwa msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa, wala asiadhibiwe kwa kuondoka penye hatari ya namna hiyo. Sisi sita tumeliandika katika daftari letu: dereva akisema breki zina shaka, gari halitoki, na siku ile analipwa. Twaomba tawi lilijadili kwa magari yote ya wanachama. Yule mama tulilipa matibabu yake, na dereva yuko nasi mpaka leo. Ameketi pale nyuma, nanyi mnaweza kumwuliza.

Brashi mbili za waya, jeki, na vigingi vinne vya kuegemeza gari viko kwa mweka hazina. Anayevitaka aandike jina lake, avirudishe jioni ile ile. Na asiingie mtu chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake bila vigingi.