Utabiri wa Mvua na Hesabu ya Miongo katika Makunduchi



Muradi wa mada hii ni kubainisha kwamba utabiri wa mvua hauwafai watu wa mahali padogo mpaka uoanishwe na tabia ya ardhi na bahari yao. Nami nimeichagua Makunduchi, kusini ya Unguja, kwa kuwa huko hesabu ya kale ya majira ingali hai.

1. Ardhi na pepo

Sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni uwanda wa mawe ya matumbawe, ambao udongo wake, kwa kuwa haukai ila katika vishimo na nyufa, hukauka upesi mvua ikatikapo. Hata siku chache za jua kali katikati ya masika huweza kuudhuru mtama na kunde ijapokuwa jumla ya mvua ya msimu haikupungua. Kaskazi huvuma Disemba hata Machi, na kusi hushika tangu Aprili au Mei hata Septemba. Na baina ya kuondoka moja na kuingia ya pili, ukanda wa mvua ulifuatao jua hupita juu ya visiwa, ukileta masika, kisha vuli.

2. Miongo

Wazee huhesabu tangu Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, isherehekewayo sasa mwezi wa Julai: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Walakini hesabu hiyo, ambayo ni ya siku 365 kamili wala haina mwaka mrefu, hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, takriban siku 25 katika karne. Basi mwenye kupanda kwa mwongo ule ule aliopandia babu wa babu yake, asiusahihishe, huitangulia mvua.

3. Utabiri wa serikali

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza kabla ya msimu kama mvua yatarajiwa kuwa juu ya wastani, ya wastani, au chini yake, ikizingatia, pamoja na mengine, joto la Bahari ya Hindi. Kwani maji ya magharibi yakizidi joto yale ya mashariki, kama mwaka 2019, vuli huelekea kuwa kubwa. Lakini kauli hiyo ni ya uwezekano, tena ni ya kanda nzima, wala haimwambii mwanamke siku ya kuanika mwani wake.

4. Mapendekezo

Kwanza, kipimamvua kiwekwe skulini na kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, wanafunzi wakifahamishwa kwamba milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Pili, tarehe za miongo ziandikwe kando ya vipimo hivyo katika daftari moja. Tatu, tahadhari ya upepo na mawimbi iwafikie wavuvi kabla ya kushua vyombo, wala asiseme mtu kwamba kimbunga hakifiki kwetu, maana cha Aprili 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja. Daftari hilo la vipimo na miongo likiendelezwa miaka mingi bila ya kukatizwa, mzee na mtaalamu watakuwa na shahidi mmoja wa kumrejea pindi watakapohitilafiana.