Asenath Bole Odaga: Shujaa Wetu Sisi Tunaoandika

(Hotuba ya kikundi chetu cha vijana waandishi, iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu)



Tuliombwa tuseme juu ya shujaa wetu. Labda mlidhani tutataja mcheza kandanda ama mwanasiasa. Hapana. Shujaa wetu ni mama aliyeandika vitabu vya watoto. Jina lake ni Asenath Bole Odaga. Alizaliwa mwaka wa 1937 huko Rarieda, Nyanza, na akaaga dunia Desemba 2014.

Kwanza kabisa, alikuwa mwalimu. Alisomea ualimu kule Kikuyu, akafundisha Ngiya na Butere, na mwanzoni mwa miaka ya sitini akawa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya Nyakach. Siku hizo vitabu vingi vya hadithi mashuleni vilitoka Uingereza. Mtoto wa kando ya ziwa alisoma habari za theluji na mbwa wanaolala ndani ya nyumba. Mtumbwi hakuuona humo, omena hakuiona, wala nyanya yake. Mtoto kama huyo mwishowe huanza kudhani ya kwamba vitabu ni mambo ya watu wengine.

Mama Odaga hakukaa akilalamika. Alishika kalamu. Mwaka wa 1966, nchi yetu ikiwa changa bado, vitabu vyake Jande's Ambition na The Secret of Monkey Rock vilitoka. Mwaka huo huo Grace Ogot naye alitoa The Promised Land. Hebu fikirini: akina mama wawili wa Nyanza, mwaka mmoja, wakati wanawake waandishi hapa kwetu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Jambo la pili, hakuacha kusoma. Alipata shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1974, umri ukiwa umepita miaka thelathini na mitano, na ya pili mwaka wa 1981. Kwa hivyo dada aliyekatiza masomo asiseme ati wakati wake umekwisha.

Jambo la tatu, hakudharau maneno ya wazee. Huko chuoni alifanya utafiti wa fasihi simulizi. Kitabu chake kimoja cha hadithi kinaitwa Thu Tinda, maneno ambayo Waluo humalizia hadithi nayo. Pia alitunga tamthilia juu ya Simbi Nyaima, lile ziwa la karibu na Kendu Bay ambalo wazee husema lilizamisha kijiji kizima kwa sababu watu wake walimnyima bibi kizee ukarimu. Aliandika kwa Kiingereza na kwa Kidholuo pia, maana aliamini lugha ya mama si ya kuonewa haya.

Jambo la nne, mwaka wa 1982 alianzisha kampuni yake ya kuchapisha vitabu, Lake Publishers. Aliianzisha Kisumu, si Nairobi. Ametuonyesha ya kwamba si lazima kila kitu kizuri kitoke mji mkuu.

Sasa wazazi wetu, tuje hapa kwetu. Mmoja wetu ana miaka kumi na minne. Huandika hadithi nyuma ya daftari la hesabu, kwenye kurasa zilizobaki. Aliambiwa kuandika hakuleti unga, na daftari likatumiwa kuwashia jiko. Hadithi saba ziliungua. Hatutaji jina la mtu, wala hatukuja hapa kushtaki. Unga tunajua ni muhimu, na karo pia. Mama Odaga mwenyewe hakutegemea kalamu peke yake: alifundisha, alifanya utafiti, aliendesha biashara ya vitabu. Hatuombi tuache shamba ama masomo. Lakini msichana huyo tangu siku ile hajaandika tena, na sisi tunaona hiyo ni hasara ya kijiji chote.

Kwa hivyo tunaomba mambo matatu tu, na hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi:

1. Kabati la vitabu lililo ukumbini lina kufuli muda mwingi. Lifunguliwe kila Jumamosi alasiri. Sisi tutaandika majina ya wanaoazima na kuvifunika vitabu kwa magazeti.

2. Babu na nyanya zetu watusimulie hadithi, nasi tuziandike. Mzee akienda na hadithi zake, hakuna duka la kuzinunua.

3. Mzazi akiona daftari limeandikwa hadithi, asilichome kabla ya kulisoma. Kama hajui kusoma, amwambie mtoto amsomee. Dakika kumi zatosha.

Waswahili walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Rarieda ilimlea mtoto mmoja akawapa watoto wengi vitabu vyenye sura za nyumbani kwao. Hatujui ni nani kati yetu atafika huko. Nyinyi pia hamjui. Basi tusaidieni tusimzime kabla hajaanza.

Yule dada wa miaka kumi na minne yuko hapa ukumbini. Tumemnunulia daftari jipya, kurasa tisini na sita, na tutampa leo mbele yenu.