Baridi Itokayo Kusini: Hali ya Hewa ya Njombe na Makambako Mvua Zikiisha



Mvua zilizoanza mwezi wa Novemba zaelekea kwisha. Mahindi yanakauka mashambani, ulanzi umepungua, na jua limekwisha kuvuka Ikweta kwenda kaskazini. Watu wa Afrika ya Kusini huyaita majira haya majira ya majani kupukutika. Watu wa pwani hungoja kipupwe. Sisi wa huku hatuna haja ya jina kubwa. Twasema tu kwamba baridi imekuja, kisha twatafuta koti.

Leo twataka kueleza baridi hiyo yatoka wapi, huja kwa njia gani, na ni usiku upi wa kuogopwa. Twasema usiku upi, maana si kila usiku wa baridi una madhara sawa, na mkulima asiyeijua tofauti hiyo hupoteza mbegu yake.

Watu wengi husema kwamba baridi ya Njombe yatokana na urefu wa nchi. Jambo hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na Makambako, ingawa iko chini kidogo, imepita mita 1,600. Kwa kawaida hewa hupungua joto kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000 mtu apandazo. Basi si ajabu mtu atokaye Dar es Salaam na shati jepesi akitetemeka stendi ya Makambako hata kabla hajapata gari la kumpandisha Njombe. Lakini mlima haubadiliki. Urefu wa Njombe Jumanne ni uleule wa Ijumaa. Mbona basi Jumanne watoto hucheza uwanjani kwa furaha, na Ijumaa wanajikunyata darasani hata kalamu hazishikiki?

Jibu liko mbali sana, katika bahari kubwa iliyo kusini ya Afrika. Huko hewa baridi itokayo pande za barafu hupanda kaskazini ikakutana na hewa ya vuguvugu. Mpaka wa hewa hizo mbili wataalamu huuita ukingo wa baridi. Ukingo huo husafiri toka magharibi kwenda mashariki, ukapita Rasi ya Tumaini Jema na mji wa Cape Town kwa mvua na upepo mkali, kisha Natal, kisha ukaingia Bahari ya Hindi. Baada ya mmoja huja mwingine, na tangu mwezi wa Mei hata Agosti hufika mbali zaidi kaskazini kuliko miezi mingine.

Ukingo wenyewe kwa kawaida haufiki kwetu, hufifia njiani. Kitufikiacho ni mambo yaufuatayo. Nyuma yake huja hewa nzito, yenye kanieneo kubwa, nayo husukuma hewa ya baridi na unyevu kupita kati ya Madagaska na Msumbiji, mpaka ikagonga milima ya bara. Ndugu zetu wa Malawi huuita upepo huo Chiperoni, kwa jina la mlima ulioko Msumbiji, kwa kuwa kwao huonekana kutoka upande ule. Hewa hiyo ikizidi kupanda hutufikia sisi. Hukwea magenge ya Lupembe, huifunika Njombe, nayo hupoa zaidi kwa jinsi inavyopanda. Kwa hiyo dhoruba iliyopiga Cape Town yaweza, siku chache baadaye, kuwa manyunyu juu ya majani ya chai ya Lupembe. Si kila mara, lakini mara nyingi ya kutosha kuangaliwa.

Twaomba wanafunzi wasikilize vizuri hapa, kwa kuwa mambo haya wanaweza kuyaona kwa macho yao wenyewe. Kwanza upepo wa kusi hupata nguvu, nao huvuma toka kusini-mashariki mchana na usiku. Makambako huusikia sana, maana ni mahali pa upepo. Hata wako waliokwenda kuupima kwa kusudi la kuufanyia umeme. Kisha mawingu mazito hushuka mpaka yakagusa miti, na ukungu na manyunyu hufuata. Katika njia ya Makambako kwenda Njombe, ambayo ni kiasi cha kilomita 60, dereva huenda taa zikiwaka mchana. Upande wa Wanging'ombe, nyuma ya milima ya Kipengere, mara nyingi watu hupata upepo mkavu tu, huku wenzao wa Njombe wamelowa. Hali hiyo yaweza kudumu siku mbili, tatu, au zaidi.

Siku hizo mchana ni baridi, na kila mtu hulalamika. Lakini mkulima na asiogope sana bado. Mawingu ni blanketi. Ardhi iliyopata joto mchana hulirudisha usiku kwenda juu, na mawingu hulizuia lisiende mbali. Hatari huja baadaye, siku ile watu wanaposema kwamba hali sasa ni njema: upepo umetulia, mbingu imetakata, nyota zang'aa, na hewa ni kavu. Hapo ardhi hupoteza joto lake lote bila kizuizi, na kabla ya mapambazuko umande huganda. Vitabu huita jalidi au sakitu. Vijijini watu husema barafu imeanguka, ingawa kwa kweli haianguki. Hufanyika palepale juu ya jani.

Sisi tulijifunza neno hili kwa hasara. Mwaka mmoja tulilima na wanafunzi wetu bustani ya viazi na maharage katika kinyungu kilicho chini ya shule tuliyokuwa tukifundisha. Udongo ulikuwa mweusi, maji karibu, nasi tulijisifu kwa matuta yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Mzee mmoja jirani alipita jioni, akatazama juu, akatushauri tufunike viazi kwa nyasi usiku ule. Tulimshukuru kwa adabu, tusifunike kitu. Mchana ule kipimajoto cha shule kilikuwa kimetuonyesha joto zuri, nasi tulikiamini kipimajoto kuliko mzee. Asubuhi bonde lote lilikuwa jeupe. Jua lilipopanda majani yakageuka meusi kama yaliyochemshwa. Lakini matuta ya mzee yule, yaliyokuwa kwenye mteremko, hatua mia tu juu yetu, hayakuguswa.

Sababu yake ni nyepesi. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, nayo hutiririka kama maji, ikatelemka kutoka vilimani na kujaa mabondeni. Vinyungu vyetu, ambavyo ndivyo vitulishavyo miezi ya kiangazi, ndivyo vilivyo katika birika la baridi. Tena kipimajoto cha mtaalamu huwekwa katika sanduku jeupe lenye matundu, juu ya ardhi kimo cha kifua cha mtu. Usiku mtulivu baridi iliyo chini kwenye nyasi huzidi ile ya sandukuni kwa digrii kadhaa. Kwa hiyo mkisikia katika redio kwamba Njombe itakuwa na digrii 4, msiseme kwamba maji huganda kwenye sifuri na sisi tumesalimika. Bondeni yaweza kuwa sifuri tayari.

Yafaa basi viazi na maharage ya kiangazi vipandwe juu kidogo ya sakafu ya bonde, na sehemu ya chini kabisa iachiwe kabichi au njegere changa, ambazo huvumilia zaidi. Mche wa parachichi uliopandwa mwaka huu ujengewe kibanda cha nyasi. Mti mkubwa hustahimili, mche hufa. Udongo ulionyweshwa maji mchana hushika joto kuliko udongo mkavu. Nasi tumeona watu wakipanda ua mnene upande wa chini wa shamba, wasijue kwamba wanaizuia baridi isitoke, kama mtu azibaye mfereji. Waacheni mlango.

Msidhani kwamba baridi ni adui tupu. Pareto haitoi maua vizuri pasipo usiku wa baridi, na mitofaa huhitaji kupumzika katika baridi ili ichanue. Ndiyo maana mazao hayo hukubali Njombe na Makete, yakakataa pwani.

Liko jambo moja tusiloweza kulipita upesi. Baridi ikizidi, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa gunia, wakalala. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Haikohozi mtu, haimwashi macho. Humletea kichwa kizito na usingizi, naye hudhani ni usingizi wa kawaida, asiamke. Watu husema kwamba mkaa ukiwa mwekundu bila moshi hauna hatari. Neno hilo limeua nyumba nzima. Moshi na gesi hii ni vitu viwili mbalimbali. Jiko liotewe mlango ukiwa wazi, na kabla ya kulala litolewe nje, hata kama mgeni analalamika, hata kama ndani mna mtoto mchanga. Mtoto na alale kifuani mwa mama yake na nguo nyingi. Mkimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, mtoeni nje kwenye hewa kwanza, kisha mkimbilieni hospitali. Msikae ndani mkimwuliza maswali.

Habari za baridi ijayo hupatikana siku hizi bila shida. Kazi ya kupima hewa katika Afrika Mashariki iliwekewa idara yake mwaka 1929, ikiongozwa toka Nairobi. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilichukua kazi yake, na kwetu leo ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyopewa cheo hicho mwaka 2019. Mamlaka hutoa utabiri wa kila siku, na kabla ya Juni hutoa mwelekeo wa msimu wote wa baridi. Mwelekeo wa msimu hauwezi kutaja usiku wa jalidi katika bonde lako. Utabiri wa siku hukaribia, lakini neno la mwisho ni la mtu atokaye nje saa mbili usiku akatazama juu.

Walimu na wanafunzi wachukue sahani tatu za bati zilizo sawa, watie maji kidogo kadiri moja, wakaweke jioni moja kileleni, moja kwenye mteremko, na moja kinyunguni. Waende kuzitazama saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapiga, waandike tarehe, upepo, na mawingu ya usiku uliopita. Wakifanya hivyo tangu Mei hata Agosti, mwakani kijiji kitakuwa na daftari la kuonyesha mahali pa kupanda viazi.