Bei ya Kiwanja Hupanda kwa Tangazo

Msikilizaji, chukua ramani moja ya nyumba: vyumba vitatu, sebule, jiko, choo ndani. Ijenge Goba, Dar es Salaam, kisha ijenge Nzuguni, Dodoma. Mfuko wa saruji uliotoka Wazo Hill ukifika Dodoma umeshabeba nauli ya lori ya zaidi ya kilomita 400. Kwa hesabu ya vifaa, ya Dodoma ndiyo ingekuwa ghali. Lakini ukiulizia zote mbili kwa dalali, wa Goba ndiye atakayekutajia bei ya kukutoa jasho. Tofauti haiko ukutani, iko chini ya msingi.

Tumezoea kusema ardhi hupanda bei kwa sababu watu wanaongezeka. Ni kweli, na Dar es Salaam yenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022 ni shahidi. Ila Dodoma ina ushahidi wake. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huko, na miaka zaidi ya 40 ikapita serikali ikiwa bado Dar. Julai 2016 Rais Magufuli akatamka kwamba serikali inahama. Septemba Waziri Mkuu Majaliwa akawa ameshahamia. Watumishi wakafuata na mabegi yao. Wapo walioacha familia Dar kwa ajili ya shule za watoto, wakajikuta wanalipa kodi mbili kwa mshahara uleule. Wenye nyumba wa Area D na Kisasa hawakuhitaji mchumi wa kuwaeleza la kufanya.

Kwenye nchi ambako watu hununua nyumba kwa mkopo wa benki, jicho liko kwenye riba. Sisi wengi tunajenga kwa kudunduliza: leo msingi, mwakani kuta, bati Mungu akijalia. Kwa hiyo jicho letu liko kwenye taarifa ya habari. Barabara ikitajwa tu, kabla hata ya greda kuonekana, kiwanja kimeshapanda. Anayeumia ni huyu mdundulizaji. Akiba yake inatembea, bei inakimbia.

Sasa bei itaelekea wapi? Dodoma itaendelea kupanda, ingawa maji yataiwekea breki. Mji bado unategemea sana visima vya Mzakwe, na mpangaji mwenye akili huuliza bomba kabla ya kuuliza vigae. Mimi naangalia zaidi katikati ya njia. Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Dar hadi Dodoma, na ile ya haraka hufika ndani ya saa nne. Kati ya miji hiyo kuna Soga, Ruvu, Ngerengere. Vituo vipo, na kandokando yake kuna mashamba ambayo bado yanauzwa kwa kupimwa kwa hatua za miguu, mashahidi wawili na karatasi ya serikali ya mtaa au kijiji. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya Mbagala na Chanika ilivyoanza, na leo kupitisha bomba au barabara huko ni lazima kwanza ulipe fidia na kuvunja.

Halmashauri za Kibaha na Morogoro zipime viwanja vya kandokando ya vituo mwaka huu, zitenge njia za maji na barabara, ziuze kwa bei iliyobandikwa ubaoni. Dalali, msikilizaji, ameshafika Soga.