Ujira wa Mwimbaji

Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anataja ujira wa wavunaji uliozuiliwa na wenye mashamba. Kijana wa hapa Tudor aweza kulipia muziki wa simu kwa mwezi, akasikiliza kwaya moja tu. Je, fedha yake huifikia kwaya ile? Ni chembe tu. Katika kampuni kama Spotify, fedha za wasikilizaji hutiwa kapu moja. Kampuni hutoa fungu lake, na zilizobaki hugawanywa kwa hesabu ya nyimbo zote zilizochezwa. Hivyo mwimbaji mashuhuri huvuna hata shilingi za yule asiyemsikiliza kamwe.

Kwa nyimbo anazosikia mpiga simu akingoja kupokewa, sheria ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2022 iliamuru mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52. Ni haki, ingawa sheria kuandikwa si kutimizwa.

Na sisi je? Baada ya ibada twanakili nyimbo za kwaya kwenye flashi, twagawiana bure, twasema ni kazi ya Bwana. Nauli ya waimbaji kwenda mazoezini, ndugu zangu, hulipwa na nani?