Madrasani Ametulia, Nyumbani Analia



Ndugu zangu katika imani, leo nataka tuzungumze juu ya mtoto ambaye maalim anamsifu na mamake anamlilia.

Tumchukue msichana wa miaka 9. Madrasani hasumbui mtu. Juzuu Amma ameihifadhi yote, akisalimiwa anaitikia vizuri. Wakifika nyumbani, hata buibui halijavuliwa, mtoto ashajitupa sakafuni analia na kujipiga kichwa, eti mchuzi umegusa chapati. Mama akimweleza maalim, maalim anashangaa: "Huyu? Huyu si ndiye mtulivu kuliko wote!" Basi lawama zinamrudia mama. Amemdekeza. Hajui kulea. Wengine watasema ni jini, apelekwe akasomewe. Kisomo ni kheri, sikatai, lakini hebu kwanza tumwelewe mtoto mwenyewe.

Yawezekana ana usonji. Usonji si wazimu, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni namna ubongo wake ulivyokua tangu utotoni. Huona tabu kuwaelewa watu, hupenda mambo yaende vile vile kila siku, na sauti au harufu ambayo wewe huijali, yeye inamuumiza. Daktari Leo Kanner alipoandika juu ya watoto hawa huko Marekani mwaka 1943, kati ya watoto 11 aliowaeleza, 3 tu walikuwa wasichana. Siku hizi inajulikana kwamba wasichana wengi walipitwa kwa sababu wanajua kuficha. Wavulana pia wanaficha.

Anafichaje? Anangoja wenzake wacheke ndipo naye acheke. Kukutazama machoni hawezi, anatazama paji lako la uso. Mikono inayotaka kupepea anaikalia. Salamu amezikariri kama anavyokariri sura. Huu si unafiki, ndugu yangu. Anaogopa kuchekwa, na pengine anaogopa kiboko.

Na kazi hiyo inachosha. Wewe unayefunga unajua: mchana kutwa umejizuia, hakuna aliyeona kiu yako. Mtoto huyu naye amejizuia tangu asubuhi, na nyumbani ndipo magharibi yake. Analia kwa mamake kwa sababu hapo ndipo penye amani. Ukimpiga hapo, atajifunza kujificha hata kwako. Utafiti kwa watu wazima wenye usonji umeonyesha kwamba wanaojificha sana huandamwa zaidi na huzuni, hata na fikra za kujiua.

Sasa tazama mwezi huu. Ratiba yote imegeuka. Daku usiku, futari nyumba imejaa wageni na kila mmoja anataka mkono, tarawehe kipaza sauti na safu zimebanana. Akirudi, usimhoji. Mwache nusu saa peke yake, taa ipunguzwe, apepee mikono yake apendavyo. Mwambie mapema nani anakuja kufuturu. Mpe sahani yake mbali na mchuzi. Tarawehe aswali karibu na mlango, akichoka arudi, hajabaleghe huyo.

Maalim wangu, mama akikuambia, muamini. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akisikia mtoto akilia naye yumo ndani ya swala, huifupisha, asije akamtaabisha mama yake. Yaani swala ya jamaa ilipunguzwa kwa kilio cha mtoto mmoja! Nasi vijana, tukiandaa futari ya pamoja, tunashindwa nini kuacha chumba kimoja kisicho na kelele?

Mwenye shaka ampeleke mtoto akapimwe. Taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani, Nairobi, hufanya kazi hiyo, na kaunti zina vituo vya kupima watoto chini ya idara ya elimu. Lakini kabla ya kwenda, chukua daftari, andika kwa wiki mbili: amelia saa ngapi, baada ya kutoka wapi, alikula nini, nani alikuwepo. Maana mbele ya mpimaji naye huenda akakaa kwa adabu na kujibu kila swali, na hapo ndipo daftari litakapomsemea.