Vidonge vya Uzazi: Nani Kampima?

Msikilizaji, tangazo la Shirika la Afya Duniani umelisikia kwenye taarifa zetu za habari, kwa hiyo hatulirudii. Mwongozo wa kwanza wa dunia kuhusu ugumba, Novemba 2025, mapendekezo 40, mtu mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo hili katika maisha yake. Umesikia. Sisi wa hapa Mpanda tuna swali moja, na tutaliuliza mpaka lichoshe. Yule mama aliyetoka dukani leo ameshika vidonge vya kupevusha mayai, nani kampima?

Vidonge vyenyewe tunavijua. Ni klomifeni, ingawa wengi wanaviita kwa jina la biashara, Clomid. Muuzaji anatoa pakiti, anachukua mkasi, anakata vidonge vitano, anavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki na kuandika kwa peni: 1x1. Basi. Jina la mgonjwa halimo. Tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki kwenye kile kipande kingine, ndani ya droo. Siku zake za hedhi hakuulizwa, na dawa hii inakwenda kwa siku za hedhi. Kwa kawaida daktari huanza na miligramu 50 kwa siku, siku tano mfululizo, kuanzia kati ya siku ya pili na ya tano tangu damu ianze kutoka. Mama huyu ataanza siku aliyopata hela. Kaambiwa homoni zimevurugika, kalipa, kaondoka. Nani kampima?

Tusieleweke vibaya. Dawa ni nzuri. Marekani waliiidhinisha mwaka 1967, na watoto waliozaliwa kwa msaada wake leo wana wajukuu. Huudanganya ubongo uamini kwamba homoni ya kike imepungua, nao ubongo unatuma amri ya nguvu kwenye mifuko ya mayai. Kwa mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki, inafanya kazi: wanane kati ya kumi hupevusha yai. Hata hivyo, wanaopata mimba ni wachache kuliko hao. Tena kwa wenye vivimbe vingi vidogo kwenye mifuko ya mayai, wale ambao siku zao hupotea miezi na miezi, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unatanguliza dawa nyingine, letrozoli. Kwa hiyo daktari aliyekupima vizuri huenda hiyo klomifeni asikupe kabisa.

Na kama mayai yanapevuka vizuri ila mirija imeziba? Meza pakiti nzima, mirija haizibuki. Hapo ndipo penye uzito kwetu. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika nchi nyingi, na upande wa Afrika jambo moja lilijitokeza kuliko kwingine kote: maambukizi. Kisonono na klamidia visivyotibiwa, homa baada ya kujifungua, mimba iliyotolewa vichochoroni. Vyote hivi huacha makovu kwenye mirija. Mwanamke ana mtoto mmoja wa miaka tisa, wa pili hapatikani, anakwenda dukani, anakatiwa vidonge vitano. Anakunywa mwezi huu, mwezi ujao, mwaka unakatika. Umri nao hausubiri.

Wengine hupewa vidonge vya kurekebisha siku. Damu ikitoka wanashukuru, wanasema kizazi kimefunguka. Hapana, mama. Damu inayokuja baada ya vidonge vile haithibitishi kwamba yai limepevuka. Imeitwa na dawa, imekuja.

Sasa tuseme la mkoa wetu. Katavi ilikuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulitupa nafasi ya kwanza nchini kwa mimba za utotoni, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19. Tangu hapo kila mgeni wa semina anayeshuka Mpanda anakuja na mada ya mimba. Vizuri, waje. Lakini mkoa huu umehesabiwa sana kwa mimba, haujahesabiwa kwa wasiopata mimba. Na ni mkoa uleule, mara nyingine mwanamke yuleyule: aliyezaa akiwa na miaka 16, akaugua baada ya kujifungua, asipate matibabu kamili, leo ana 27 na wifi zake wanamwita tasa. Kliniki ya wajawazito ina siku yake, ya watoto ina siku yake, ya uzazi wa mpango ina siku yake. Ya huyu ni lini?

Na mume? Hapa kituo hiki kina donge, na wasikilizaji wa zamani wanalijua. Katika karibu nusu ya ndoa zinazosumbuka kupata mtoto, tatizo linamgusa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Kupima mbegu hakuhitaji safari ya Dar es Salaam. Ni chombo kisafi, siku chache za kujizuia, na darubini, hiyohiyo inayotafuta vimelea vya malaria, na fundi anayejua kuhesabu. Lakini huku kwetu mke anazungushwa, Inyonga hadi Majimoto, kwa tabibu hadi kwa mganga, anachanjwa, anakunywa mizizi, anameza klomifeni, na mume hajawahi kukabidhiwa hata hicho chombo. Ng'ombe wa mahari wanadaiwa warudi, mke wa pili anatafutwa, naye pia hashiki mimba, na bado baba mwenye nyumba hajapimwa! Sasa huyo wa pili naye kapelekwa dukani. Nani kampima? Na nani kampima mume?

Wenye maduka watasema wateja wenyewe wanaomba. Ni kweli, wanaomba. Lakini dawa za kupevusha mayai ni za cheti cha daktari, na mwenye duka analijua hilo. Haya maduka ya dawa muhimu, yenye vibao vya DLDM, yalianza Ruvuma mwaka 2003, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuyapokea, wakati Mpanda bado ni wilaya yake. Yaliwekwa ili mgonjwa wa malaria na mtoto anayeharisha wapate dawa salama karibu na nyumbani. Kuamsha mayai ya mwanamke ambaye hajaguswa na daktari hakumo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ipo, Baraza la Famasi lipo. Ukaguzi wa maduka usiwe wa kuangalia leseni ukutani tu. Fungueni droo. Angalieni vile vipande vilivyokatwa kwa mkasi.

Maana madhara yapo. Mapacha, kama mimba saba au nane katika kila mia. Mapacha ni baraka, ila si kwa mama aliyeko Mishamo usiku wa mvua, hajui kama ni wawili, na chumba cha upasuaji kiko mbali. Macho yakianza kuona ukungu au vimulimuli, acha dawa siku hiyohiyo na urudi kwa daktari. Tumbo likivimba ghafla, likauma, uzito ukapanda kwa siku chache, pumzi ikakata, hiyo ni mifuko ya mayai imechochewa kupita kiasi: hospitali, usiku huohuo. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye damu inayotoka bila sababu kujulikana, mwenye uvimbe kwenye mfuko wa mayai ambao haujachunguzwa, na ambaye huenda tayari ana mimba, wote hawa hawapaswi kupewa. Muuzaji atajuaje? Nani kampima?

Dada, mmekaa mwaka mmoja pamoja bila kinga na hakuna kitu, nenda hospitali. Umepita miaka 35, usingoje mwaka, miezi sita inatosha. Uliza kipimo cha damu cha homoni, cha tezi ya shingo pia. Uliza ultrasaundi. Uliza picha ya mirija, na kama haipo hapa uliza rufaa, lami ya Tabora sasa ipo. Ukishaandikiwa dawa, uliza utaitumia mizunguko mingapi, kwa sababu ikipita sita bila mimba ni wakati wa kubadili njia, siyo kuongeza pakiti.

Mama mkwe, shikamoo. Tunajua unataka mjukuu. Basi mwambie mwanao aende kupimwa. Ukisema wewe atasikia.

Na wewe baba, usitume mke. Twende! Vaa viatu, mshike mkono, ingieni wote wawili, tena wewe uwe wa kwanza. Fundi wa maabara hatakucheka, kazi yake ni kuhesabu.

Viongozi wa afya wa mkoa na wa halmashauri zote tano, tunaomba siku moja. Siku moja kwa wiki ya wanandoa wanaotafuta mtoto, ijulikane, ibandikwe kwenye milango ya zahanati kutoka Karema hadi Inyonga: ni Jumanne au ni Alhamisi, ni chumba namba ngapi, ni shilingi ngapi. Tutaitangaza bure, asubuhi na jioni. Tuleteeni hiyo siku.